Miwani ya Clark Kent haifai Mugumu: sayansi ya kuficha utambulisho

Hebu tuanze na swali ambalo karibu kila msomaji wa katuni za Superman ameshajiuliza. Huyu jamaa anapaa, ananyanyua magari, risasi zikimgonga kifuani zinadondoka chini. Halafu asubuhi anavaa suti na miwani, anaingia kazini kwenye gazeti la Daily Planet kama Clark Kent, na hakuna anayemtambua. Hata Lois Lane, mwandishi wa habari machachari anayefanya naye kazi kila siku, hamtambui. Kweli jamani? Miwani tu?

Wengi tunacheka na kufungua ukurasa unaofuata. Ila kuna watafiti walioamua kulipima swali hili maabara, na majibu yao yana maana kubwa kuliko katuni yenyewe. Yana maana kwa watu wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako kila mwaka, hasa ifikapo Desemba shule zikiwa zimefungwa, kuna watu ambao usalama wao unategemea kutotambulika. Hawana nguvu za ajabu. Ni mwalimu, shangazi, dereva wa bodaboda, au binti wa miaka 13 mwenyewe.

Kwa hiyo leo tunasoma katuni kwa jicho la sayansi. Tutachukua vitu vitatu ambavyo katuni hizi haziwezi kuishi bila navyo, yaani adui, utambulisho wa siri, na kuponea chupuchupu, halafu tuone vinafanyaje kazi kwenye kijiji halisi. Tutaanza na siri, maana ndiyo inayobeba mengine yote.

Kwa nini stelingi anajificha

Superman alitoka mwaka 1938, akiwa kazi ya vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Mwaka uliofuata akaja Batman wa Bob Kane na Bill Finger, na mwaka 1962 Stan Lee na Steve Ditko wakatuletea Spider-Man. Wote watatu wana majina mawili: moja la mtaani, jingine la kazi.

Na sisi huku tunao. Mwaka 2010 Kenya ilianza kutoa jarida la katuni la Shujaaz, lililoandikwa kwa Sheng na kugawiwa bure. Mhusika wake mkuu ni Boyie, kijana aliyemaliza shule akakosa ajira, ambaye anarusha matangazo ya redio kwa siri kutoka chumbani kwake akijiita DJ B. Hana misuli wala joho. Silaha yake ni kwamba wasikilizaji wanaijua sauti yake lakini hawamjui yeye.

Sasa, stelingi mwenye nguvu zote hizo anamwogopa nani hadi ajifiche? Jibu liko kwenye toleo la 121 la The Amazing Spider-Man, la Juni 1973. Adui, anayeitwa Green Goblin, anajua kuwa Spider-Man ni Peter Parker. Hamfuati Peter. Anamchukua Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, na kumtupa kutoka juu ya daraja. Gwen anakufa. Wasomaji wa wakati ule walishtuka, kwa sababu walizoea kwamba mtu wa karibu na stelingi lazima aokolewe.

Kumbe barakoa haimlindi aliyeivaa, maana yeye anajiweza. Inawalinda walio nyumbani kwake. Likumbuke hilo, tutalirudia tukifika Serengeti.

Je, miwani ingefanya kazi?

Mwaka 2016, Robin Kramer na Kay Ritchie wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha utafiti ambao kichwa chake chenyewe kinamtaja Superman. Waliwaonyesha watu picha mbilimbili na kuwauliza: huyu na huyu ni mtu mmoja, au ni watu wawili tofauti? Picha nyingine zote mbili zilikuwa na miwani, nyingine hazikuwa nayo kabisa, na nyingine moja ilikuwa na miwani na ya pili haina.

Pale ambapo picha zote zilifanana kwa miwani, watu walipata karibu asilimia 80. Pale ambapo moja ilikuwa na miwani na nyingine haina, walishuka hadi karibu 74. Kumbuka anayebahatisha tu kwa kurusha sarafu anapata 50. Kwa hiyo miwani inasaidia kidogo, lakini inasaidia.

Kitu kinachonishangaza zaidi ni ile 80. Hata bila miwani, hata picha zikiwa safi, watu walikosea mara moja katika kila tano. Sisi binadamu ni wabovu sana wa kulinganisha sura za watu tusiowajua.

Na hapo ndipo penye sharti: tusiowajua. Mwaka 1999 Mike Burton na wenzake walichukua video hafifu za kamera za ulinzi, zile zenye picha za ukungu. Waliozoeana na watu wa kwenye video waliwatambua vizuri kabisa. Wasiowajua walishindwa, na polisi wenye uzoefu hawakufanya vizuri kuliko watu wa kawaida. Sura uliyoizoea, ubongo unaitambua kwa mbali, gizani, na hata ikiwa imevaa miwani au kofia.

Sasa jiulize: ubongo mmoja unaweza kuzoea sura ngapi? Rob Jenkins na wenzake, pia wa York, walilihesabu hilo mwaka 2018. Wastani wa washiriki wao ulikuwa kama sura 5,000, kuanzia mwenye 1,000 hadi mwenye 10,000.

Simama hapo kidogo. Metropolis, mji wa Superman, una mamilioni ya watu. Hauwezi kuingia kwenye kichwa cha mtu mmoja. Clark Kent akipita barabarani, karibu kila anayekutana naye ni mgeni kwake, na miwani inatosha kumvusha. Lois Lane ndiye asiye na kisingizio, maana yeye amemzoea.

Lakini kijiji chenye watu 3,000 kinaingia chote kwenye kichwa kimoja, na nafasi inabaki. Mtu aliyezaliwa na kukulia kijiji cha ndani huko Serengeti anakutambua kwa mwendo kabla hujamkaribia, anakutambua kwa kikohozi, anajua hata baiskeli unayoendesha ni ya nani. Superman akihamia huko na miwani yake, siku ya gulio tu ameshajulikana. Siri ya kijijini haiwezi kukaa usoni. Inabidi ikae mahali pengine.

Desemba, na adui asiye na sura ya adui

Kwa nini mtu wa kijijini ahitaji siri? Kwa sababu ya ukeketaji.

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16, mwanamke 1 kati ya 10 wa miaka 15 hadi 49 nchini alikuwa amekeketwa. Mkoani Mara walikuwa asilimia 32, karibu mmoja kati ya watatu. Si kila kabila la Mara lenye mila hii, na hata ndani ya makabila yenye nayo zipo familia nyingi zilizoiacha. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai, na kifungo chake ni miaka mitano hadi kumi na mitano.

Katuni ingetaka hapa tumchore adui: mtu mwenye macho mekundu na kicheko kibaya. Hapa katuni inatudanganya. Anayempeleka binti kwa ngariba mara nyingi ni mama yake, bibi yake, shangazi yake, kwa baraka za baba. Wengi wao wanampenda. Wanaogopa asiolewe, wanaogopa ng'ombe wa mahari wapungue, wanaogopa aitwe msagane, jina la kumdhalilisha ambaye hajakatwa, na wengine wanaogopa laana. Kwa Wakurya, desturi imelipa baraza la wazee liitwalo inchama sauti kubwa katika kuufungua msimu wa tohara, na baraza hilo nalo hufanya mambo yake kwa siri. Kwa hiyo kuna siri pande zote mbili.

Matokeo yake ni kwamba anayetaka kumwokoa binti hapambani na mgeni aliyetoka sayari nyingine. Anapambana na dada yake, na jirani anayemwazima jembe, na mzee aliyemfungisha ndoa. Akijulikana kuwa ndiye aliyetoa taarifa, kesho bado anaishi palepale, anachota maji kisima kilekile. Kama Peter Parker, hofu yake kubwa si kwa ajili yake peke yake. Ana watoto.

Maswali 33

Haya, tufanye hesabu. Usiogope, ni ya darasa la saba.

Chukua mchezo wa kubahatisha mtu kwa maswali ya ndiyo au hapana. Ni mwanamke? Anaishi Afrika? Swali zuri linagawa watu waliobaki katikati: nusu wanabaki, nusu wanatoka. Ukiwa na watu 8, unahitaji maswali matatu: 8, 4, 2, 1. Kila swali moja zaidi linakuwezesha kuanza na watu mara mbili zaidi.

Dunia nzima ina watu kama bilioni 8. Ukizidisha 2 kwa 2 mara 33 unapata zaidi ya bilioni 8.5. Yaani maswali 33 mazuri yanatosha kumfikia mtu yeyote duniani, ukiwemo wewe. Kwa wilaya yenye watu 300,000 yanatosha 19. Kwa kijiji chenye watu 3,000 yanatosha 12.

Kumi na mawili tu! Sasa soma ujumbe huu wa kubuni, ambao mtoa taarifa ameuandika bila jina akidhani amejificha:

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimehamia hapa mwaka juzi, nakaa upande wa josho. Jana jioni nimemsikia jirani yangu akipanga na dada yake kumpeleka binti."

Anza na watu 3,000. Watu wazima ni kama nusu, tuseme 1,500. Walimu, tuseme 14. Waliohamia mwaka juzi, wanne. Wanaokaa upande wa josho, mmoja. Hakuandika jina, lakini ameshajitaja.

Hii siyo nadharia ya kwenye karatasi. Miaka ya 1990 huko Massachusetts, Marekani, taasisi ya bima ya wafanyakazi wa serikali ilitoa kumbukumbu za matibabu kwa watafiti baada ya kufuta majina. Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, Latanya Sweeney, alinunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, akailinganisha na kumbukumbu zile. Gavana wa jimbo, William Weld, aliishi mji huo. Watu sita tu kwenye orodha walikuwa na tarehe ya kuzaliwa kama yake, watatu kati yao wanaume, na mmoja tu alikuwa na namba ya posta ya kwake. Sweeney akawa amepata rekodi za hospitali za gavana. Mwaka 2000 alikadiria kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta vinatosha kumtofautisha kila mtu na wengine wote kwa asilimia 87 ya Wamarekani.

Kutokana na kazi hiyo likazaliwa wazo rahisi ambalo wataalamu wa takwimu tunalitumia hadi leo. Usiulize "jina limefutwa?" Uliza "maelezo haya yanawafaa watu wangapi?" Idadi hiyo inaandikwa kwa herufi k. Kama maelezo yako yanawafaa watu 200, k yako ni 200, na anayekutafuta ana kazi. Kama yanakufaa wewe peke yako, k ni 1, na barakoa yako ni ya karatasi.

Somo la nyumbu

Kama hesabu hiyo inaonekana kavu, jirani zetu wa hifadhini wanaiishi. Nyumbu wa Serengeti ni zaidi ya milioni moja. Ndama wa nyumbu ni chakula laini kwa fisi na simba, na hana pa kujificha kwenye mbuga wazi. Nyumbu wanafanyaje? Wanazaa kwa pamoja. Takriban asilimia 80 ya ndama huzaliwa ndani ya wiki mbili hadi tatu, kwenye nyanda za kusini, Februari ikiwa kilele.

Fisi wanakula mpaka wanashiba, lakini ndama ni wengi kuliko matumbo ya fisi. Ndama aliyezaliwa wiki hizo amejificha bila kujificha. Anaonekana vizuri, ila ni mmoja katika maelfu. Anayezaliwa peke yake nje ya msimu, huyo k yake ni 1.

Ndiyo maana nasema siri ya kijijini haiwezi kukaa usoni. Inakaa kwenye wingi. Mtoa taarifa anakuwa salama pale ambapo habari aliyoitoa ingeweza kutolewa na watu wengi.

Na hapo kuna mtego ambao katuni hazikutufundisha. Habari yenyewe inaweza kumtaja aliyeitoa. Kama mpango umezungumzwa jikoni mbele ya watu watatu, na usiku polisi wakafika, wenye mpango hawahitaji kujua namba ya simu ya mtu. Wanahesabu tu waliokuwepo jikoni. Mambo yanayojulikana na kijiji kizima, kwa mfano kwamba sherehe imetangazwa wiki ijayo na mbuzi wameshanunuliwa, ni salama zaidi kuyasema kuliko neno ulilolisikia peke yako.

Kuponea chupuchupu kunahitaji ramani

Hapo ndipo kuna mvutano wa kweli. Anayeokoa anataka maelezo mengi: nyumba ipi, njia ipi, saa ngapi. Anayetoa taarifa anataka maelezo machache. Kila kitu kinachomsaidia mwokoaji kinapunguza k ya mtoa taarifa. Utafanyaje?

Fikiria kijiji kisicho na majina ya barabara wala namba za nyumba, na ramani iliyo tupu. Polisi wa dawati la jinsia na watoto wanapigiwa simu usiku. Wataipataje nyumba? Inabidi mtu awaelekeze. Mara nyingi maana yake ni aliyepiga simu kupanda gari, kukaa mbele, na kunyoosha kidole. Mbwa wanabweka, watu wanatoka nje, na siri imekwisha.

Sasa weka ramani. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map, ulioanzishwa na Janet Chapman, ambao wafanyakazi wake ni watu wa kujitolea kutoka pande zote za dunia. Wanaangalia picha za setilaiti na kuchora nyumba, njia na mito ya vijijini Tanzania kwenye OpenStreetMap, ramani huru ambayo kila mtu anaweza kuitumia na kuirekebisha. Mara ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo, kwa sababu hiihii ya kuwafikia mabinti wanaokimbia.

Picha ya setilaiti inaonyesha paa. Haionyeshi jina. Mtu aliyekaa Uingereza anaweza kuchora nyumba 300 za kijiji bila kujua kijiji chenyewe kinaitwaje. Majina ya vitongoji, shule, zahanati na makanisa huongezwa na wenyeji kwa simu zao. Kazi inakuwa nusu huko, nusu huku. Na simu janja ya kawaida, mahali penye anga wazi, inaweza kusema ilipo kwa kukosea kama mita 5 tu.

Unaona kilichotokea? Nyumba ikishakuwa nukta kwenye ramani, hakuna haja ya mtu kupanda gari kunyoosha kidole. Nukta haina sura wala sauti. Ramani imemwondoa mtoa taarifa kwenye picha bila kumpunguzia mwokoaji maelezo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo barakoa ya kweli ya Mara, na haivaliwi na mtu mmoja. Ramani ya nyumba ni ya wote. Taarifa kuhusu nyumba fulani inabaki kwa wachache wanaohusika.

Binti akishatoka, anahitaji pa kwenda. Wilayani Tarime kuna kituo cha Masanga kinachopokea mabinti. Wilayani Serengeti ipo nyumba salama ya Mugumu, na nyingine iko wilaya jirani ya Butiama, chini ya shirika la Hope for Girls and Women Tanzania lililoanzishwa mwaka 2017 na Rhobi Samwelly. Huyu mama ni stelingi wa aina nyingine kabisa: hana barakoa. Amesimulia hadharani jinsi alivyokeketwa akiwa mtoto na nusura afe kwa kutoka damu, na filamu ya mwaka 2018, In the Name of Your Daughter, inaonyesha kazi ya nyumba salama ya Mugumu. Shirika lake pia limewapa simu na mafunzo watu wa kujitolea vijijini ili watume taarifa za ukatili.

Ukiangalia vizuri utaona mgawanyo wa kazi. Mmoja anajulikana na kila mtu, ili binti ajue pa kukimbilia. Wengi hawajulikani, ili waendelee kuishi majumbani kwao na kusikia yanayosemwa. Katuni huvibebesha vyote viwili mtu mmoja, ndiyo maana maisha yake yana tabu kiasi kile.

Gwen hakuuawa na adui peke yake

Turudi darajani, maana kuna fizikia pale. Spider-Man alirusha utando wake akamdaka Gwen kabla hajafika chini. Alimdaka! Lakini alipomvuta juu alikuta amekufa. Mwanafizikia James Kakalios, aliyeandika kitabu kizima cha fizikia ya mashujaa wa katuni, alilitumia tukio hili kufundishia.

Tuseme mtu wa kilo 50 anaanguka kwa mwendo wa mita 30 kwa sekunde. Nguvu ya kumsimamisha inategemea muda unaotumia. Ukimsimamisha kwa sekunde 3, ni nyutoni 500 hivi, karibu sawa na uzito wake mwenyewe. Ukimsimamisha kwa sehemu ya kumi ya sekunde, ni nyutoni 15,000, kama mara 30 ya uzito wake. Shingo haihimili. Mwendo ni uleule na utando ni uleule. Tofauti ni muda.

Wanaofanya kazi hii Mara wanalijua hilo bila fomula. Kumtoa binti usiku mmoja ni mwanzo tu. Akikatwa ghafla na familia, shule na rafiki zake, naye anaumia. Ndiyo maana baada ya msimu kupita, nyumba salama huwaita wazazi, hukaa nao pamoja na polisi na ustawi wa jamii, na wazazi wanaokubali husaini ahadi kwamba binti hatakeketwa, ndipo arudi. Wengine hurudi nyumbani. Wengine wazazi wao hawakubali, na wanabaki kituoni wakisoma. Ni kazi ya polepole, haina ukurasa wa kusisimua, lakini ndiyo inayomfikisha mtu chini akiwa mzima.

Na tuseme ukweli: kwenye katuni stelingi huponea chupuchupu kwa sababu kuna toleo la mwezi ujao la kuuza. Hapa hakuna mchoraji. Wapo mabinti wanaofika na wapo wasiofika.

Ukiwa wewe ndiye uliyesikia

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa, na sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ipo kwa ajili yako. Namba 116 ni ya bure, ni ya kuwasaidia watoto, na inapokea simu kutoka mtandao wowote. Ila hesabu ya leo inakuongezea haya:

Sema habari za binti, usiseme zako. Mahali, siku, umri wake. Kazi yako, unapokaa na ulivyojua si lazima.

Kabla hujatuma, jiulize: watu wangapi kijijini wangeweza kuandika sentensi hii? Ukipata chini ya kumi, iandike upya. Kama muda unaruhusu, tafuta kipande cha habari hiyohiyo ambacho wengi wanakijua.

Picha inasema uliposimama. Ukipiga kupitia dirisha lako, umepiga picha ya dirisha lako pia.

Usiweke kwenye kundi la WhatsApp, hata la familia. Ujumbe mmoja uliopigwa picha ya skrini unafika kwa wazee kabla ya polisi. Na kama simu mnaitumia wawili nyumbani, futa namba uliyopiga.

Kama hatari ni ya leo usiku, achana na hesabu zote, piga simu. Hakuna k yenye thamani kuliko binti.

Na kama uko mbali, Dar es Salaam, Dodoma au hosteli yoyote yenye intaneti, fungua OpenStreetMap, tafuta kijiji chenu, uangalie kama majina ya vitongoji yapo. Kama hayapo, wewe ndiye unayeyajua. Kuyaandika ni kazi ya dakika kumi, na hutahitaji kuvaa miwani.